RTX 3060 ya mtumba mbele ya RTX 4060 mpya

Kompyuta yangu ya mezani ilidumu miaka mingi na kadi ya grafiki ya GTX 1060 yenye gigabaiti 6 za kumbukumbu, iliyotoka mwaka 2016, na matangazo ya kadi mpya hayakuwahi kunifanya niiondoe. Kilichonilazimisha ni kazi yenyewe: ramani ya nyumba niliyokuwa nikiichora katika Blender, programu ya kuunda picha za pande tatu, pamoja na bustani yake, ilijaza gigabaiti zote 6, na programu ikagoma kutoa picha kwa sababu kumbukumbu ya kadi ilikuwa imekwisha. Kadi ya polepole unaweza kuiacha ikifanya kazi usiku kucha na asubuhi ukaikuta picha, lakini iliyojaa kumbukumbu haikupi chochote. Siku hiyo ndiyo nilipojua kwamba wakati wa kununua umefika.

Nilikuwa na chaguo mbili, zote kadi za kampuni ya Nvidia. RTX 4060, iliyotoka Juni 2023 kwa dola 299 huko Marekani, inatumia wati 115 tu, na katika michezo mingi inaitangulia RTX 3060 ya mwaka 2021 inayotumia wati 170. Hata hivyo, ile mpya ina gigabaiti 8 na ile ya zamani ina 12. Zaidi ya hayo, RTX 4060 huwasiliana na ubao mama kwa njia 8 za PCIe (njia za kupitishia data kati ya kadi na ubao huo) badala ya 16, jambo ambalo halisumbui sana kwenye ubao wa PCIe ya kizazi cha nne, ila kwenye ubao wa kizazi cha tatu kama wangu kasi ya kupitisha data hupungua kwa nusu, na athari yake huonekana zaidi pale kumbukumbu inapojaa na data kuanza kuvuka kwenda na kurudi. Kwa kazi yangu, nilichukua RTX 3060 ya mtumba, na sijajuta.

Anayeinunua awe macho, kwa kuwa mwishoni mwa 2022 lilitolewa toleo la gigabaiti 8 lenye jina lilelile, na njia yake ya kumbukumbu ni ya biti 128 badala ya 192. Kadi nyingi za kipindi hicho pia zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mchana na usiku hadi Septemba 2022, uchimbaji wa namna hiyo ulipokoma. Duka la kwanza nililoingia lilikataa kuiwasha kadi mbele yangu, nikaondoka. La pili lilikubali kuiendesha kwa nusu saa nikitazama joto, feni na kiasi cha kumbukumbu kwenye programu ya GPU-Z, na hapo ndipo nilipolipa.

Ramani iliyogoma sasa inatoka bila kukwama. Gharama ambayo sikuipangia ni ya pawasaplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme: yangu ilikuwa ya wati 450, Nvidia inapendekeza 550, nami nikaibadilisha.

Mwenye kucheza michezo tu kwa skrini ya 1080p, na mwenye ubao mama mpya, achukue RTX 4060 bila wasiwasi. Mwenye kazi kama yangu na fedha zaidi aitazame RTX 5060 Ti ya mwaka 2025, ila ahakikishe boksi limeandikwa gigabaiti 16, kwa maana nayo inauzwa pia ikiwa na 8.