TAHADHARI: Anayeuza "kaa wa nyumbani" Mombasa anawauzia watu kaa wa baharini waliopakwa rangi

Wazazi wa Nyali, Bamburi, Kisauni na kisiwani, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akitangaza kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono: hawapigi kelele, hawali sana, wanafaa watoto. Mmoja mia tano, watatu elfu moja mia mbili, na anakupa kikopo cha plastiki chenye changarawe za rangi. Unalipa kwanza kwa M-Pesa, kisha boda anakuletea. Tangu shule zifungwe, majirani wanaojua kwamba mimi hufuga kaa hawa wamekuwa wakiniletea vikopo na swali moja: mbona hawasogei? Hawasogei kwa sababu wamekufa.

Picha anazotuma si za mali yake. Zinaonyesha kaa mwenye gando kubwa la zambarau, yaani Coenobita clypeatus, ambaye kwao ni Karibi na Florida kule Marekani. Huyo hayupo katika bahari yetu. Pwani yetu ina jamaa zake wa nchi kavu, wale unaowaona usiku wakitambaa juu ya mchanga karibu na vichaka. Lakini hata hao sio anaowauza. Anaokota wa kwenye vidimbwi vya miambani maji yakipwa, kwa sababu ndio rahisi kupata, na kaa wa maji hawezi kukaa kwenye kikopo kikavu. Siku moja, mbili, basi.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Wa nchi kavu gando lake la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, na akijificha hulitumia kufunga mlango wa kombe. Wengi wa niliowaona kwenye vikopo magando yao yalikuwa sawa kwa sawa. Kimoja nilikifungua mbele ya mama aliyekileta. Shombo ilitupiga kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Kombe lilikuwa la buluu lenye nyota, nikalikwangua kwa ukucha na rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Kwenye ukingo wa mlango kulikuwa na rangi iliyokauka ikiwa imegandamana na miguu ya yule kaa. Alipakwa akiwa ndani.

Sasa sikilizeni ujanja wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapotulizwa. Ukimlalamikia, anakujibu kwa upole kabisa: "Usijali dada, anajivua gamba, mwache wiki sita usimguse." Ni kweli kaa hujivua gamba, na ni kweli huchukua wiki kadhaa na hatakiwi kusumbuliwa. Ila kaa wa nchi kavu hujivua akiwa amejifukia ndani ya mchanga wenye unyevu, mchanga wenye kina cha kumfunika vizuri. Kwa kawaida hajivui juu ya changarawe kavu mbele ya macho yenu. Gamba lililovuliwa ni tupu, jepesi, na halinuki. Ukiona kaa amelegea, ananing'inia nje ya kombe na ananuka shombo, huyo ni maiti. Zikiisha wiki sita unatafuta namba, haipatikani, na tangazo limerudi kwa jina jingine.

Halafu ana maneno ya kuongeza bei. Anasema kaa wake "wamezalishwa shambani." Uongo. Hata hawa wa nchi kavu mayai yao huanguliwa baharini na watoto huishi majini kwanza, ndiyo maana karibu kila kaa wa makombe anayeuzwa popote duniani ametolewa porini. Anauza pia kipakiti cha "chumvi maalum." Nimekiona: ni chumvi ya jikoni. Kaa wa nchi kavu anahitaji vyombo viwili, kimoja maji yasiyo na chumvi wala klorini, kingine maji ya chumvi ya bahari, na viwe na mahali pa kupandia atoke, kwa sababu akizama muda mrefu anakufa. Chumvi ya kupikia haiwezi kushika nafasi ya maji ya bahari. Hewa pia iwe na unyevu, asilimia 70 kwenda juu. Sisi Mombasa tumebarikiwa kwa hilo, isipokuwa ukimweka chumba cha kiyoyozi. Akitunzwa hivyo huishi miaka mingi sana, hata kupita 30. Mtu anayekuuzia kikopo na changarawe hajali hata mmoja wa miaka hiyo.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: ufuo wa kuanzia Nyali kwenda Bamburi unapakana na hifadhi ya bahari iliyo chini ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) tangu zamani. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuokota kombe, sembuse kaa. Ukimuuliza anawatoa wapi, anabadilisha mada.

Kwa aliyekwisha nunua na kaa bado yuko hai: ikiwa ni wa maji, mtie leo hii kwenye ndoo ya maji ya bahari yenye kivuli, usijaze sana, na umrudishe kwenye vidimbwi vya miamba maji yakipwa. Usimvute atoke kwenye kombe la rangi, atakatika vipande viwili kabla hajakuachia. Weka makombe matupu ya asili pembeni yake, yenye ukubwa wa kumtosha, atahama mwenyewe akitaka.

Na mkikutana na tangazo, msihangaike kukariri namba, anazibadilisha. Angalieni picha ya yule kaa wa zambarau juu ya kitambaa cheupe, hiyo haijabadilika bado. Mwambieni alete mzigo mwone kwanza, mlipe mkononi. Mimi nilipomwambia hivyo alinibloku.