Kuku wa supamaketi nala, wali wa jioni nauacha

Chakula cha mchana nanunua kwenye jiko la supamaketi moja hapa Dodoma mjini, lile lenye ukuta wa kioo, unamwona mpishi akipika huku umeshika sinia lako. Jina silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulaumu.

Kuku wao wa kuokwa namkubali. Anatoka kabatini wa moto kweli, siyo vuguvugu, na ukimpasua pajani karibu na mfupa hakuna damu. Nyama mbichi ina ubao wake kule nyuma, kachumbari ina wake. Mlenda hauna mchanga, na wenyeji mnajua maana yake.

Siku moja bwana afya aliingia nikiwa kwenye foleni. Nilidhani ataangalia sakafu, apewe soda, aondoke. Akaanza na vyeti vya afya vya wapishi, maana vipimo hurudiwa kila miezi 6, na kimoja kilikuwa kimepitwa. Mwenye nacho akavua aproni palepale, akapelekwa kupanga sabuni kwenye rafu. Kisha bwana afya akafungua friji, akachomeka kipimajoto chake mwenyewe kwenye bakuli la nyama. Namba zinazowaka mlangoni hakuzijali. Meneja hakubisha wala hakumwita pembeni "wazungumze". Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, lakini sijaona wengi wakiipokea kwa utulivu ule.

Sasa lawama. Ikishapita saa nane mchana, wali uliobaki unahamishiwa kwenye trei isiyo na moto chini yake, unakaa hapo mpaka jioni, halafu unauzwa kwa bei ya kutupa. Wali si wa kuchezea. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu wanazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Na joto la Dodoma mwezi wa kumi mnalijua.

Nilimuuliza mhudumu, "Dada, huu wali umeiva saa ngapi?"

"Wa leo huo, kaka."

Kingine, anayepakua ndiye anayepokea hela, kwa glavu ileile. Mimi nalipa kwa simu, lakini aliyenitangulia alitoa noti ya elfu mbili iliyolegea kama kitambaa, na mkono ule ule ukanishikia sambusa. Nikaiacha kaunta.

Nilimwambia meneja kila trei iwekewe karatasi ya saa chakula kilipotoka jikoni, na hela ishikwe na mtu mwingine. Akasema atalifikisha kwa mpishi mkuu. Keshia sasa yupo, tena mchangamfu. Karatasi za saa bado sijaziona.