Baiskeli nzuri, gurudumu bovu, fundi hana adabu

Nimesubiri miezi hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa, basi yapokeeni hivyo hivyo yakiwa ya moto.

Mimi ni mtu mnene. Siku naingia dukani nilikuwa na kilo 112, na walijua. Narudia: walijua. Kijana aliyeniuzia aliniuliza uzito kwa mdomo wake, akauandika kwenye karatasi, akauliza naitakia nini baiskeli, nikamwambia nataka kupungua, akaliandika na hilo. Kila sentensi yake iliishia na "bosi". "Hii itakubeba, bosi." "Kiti utakizoea, bosi." Nikatoka pale nikisukuma baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nikijiona bosi kweli.

Ina gia ngapi, fremu ni ya nini, uzito wake kiasi gani, tafuteni wenyewe. Mimi nina neno moja tu la kusema, nalo ni gurudumu la nyuma.

Lakini kwanza niwe mkweli, maana kuna watu watasoma hasira zangu wakaogopa kuendesha. Kabla ya baiskeli nilijaribu kukimbia, magoti yakavimba nikawa napanda ngazi kwa kushika ukuta. Kwenye baiskeli kiti ndicho kinachobeba mzigo, miguu inazungusha tu. Siku ya kwanza dakika 20 zilinitosha, nikashuka kifua kikiwaka moto na viganja vimekufa ganzi. Baada ya mwezi hivi nilikuwa naenda saa nzima bila kusimama, napumua kwa pua. Kwa hilo sina deni na mtu. Nilifurahi kama mtoto.

Ingawa hata hapo duka halikunisaidia kitu. Kiti walikiacha chini mno, goti moja likaanza kunichoma. Nikaja kujua mwenyewe: ukae, uweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo penyewe. Nikapandisha kiti, maumivu yakaisha. Pia hawakuniambia kwamba ile kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani. Nitaishia hapo kwenye habari hiyo. Aliyewahi kuchubuka anajua.

Sasa, gurudumu.

Nilikuwa kwenye kimlima kidogo, mbali na nyumbani, nasikia mlio: *ting!* Nikadhani nimekanyaga kijiwe. Hatua chache mbele baiskeli ikaanza kulalamika, shh, shh, shh, kila mzunguko. Spoki imekatika, upande wa cheni, pale pale inapopinda kuingia kwenye kitovu cha gurudumu. Rimu imeyumba, inasugua mpira wa breki. Nikalegeza breki ya nyuma nikajaribu kuendelea, nikaogopa, nikashuka. Kama hujawahi kusukuma baiskeli kwa mwendo mrefu ukiwa na kilo zaidi ya mia ndani ya kaptura inayobana, huku watoto wanakuhesabia hatua, usiniambie nipunguze jazba.

Duka likabadilisha spoki, kimya kimya. Haya, ajali hutokea. Wiki mbili hazijapita, *ting!* Upande ule ule. Wakabadilisha tena. Mara ya tatu ilikatika nikiwa kwenye barabara tambarare, sijaruka shimo, sijasimama kwenye pedeli, nimekaa natafakari mambo yangu.

Ndipo nikakutana na fundi wao. Siyo yule muuzaji, huyu ni mwingine, yule wa chumba cha nyuma. Akaliangalia gurudumu kwa sekunde tatu, kisha akaniangalia mimi, juu mpaka chini, taratibu, akatua tumboni. Akasema kwa sauti ya kusikika duka zima: "Mzee, tatizo siyo gurudumu. Baiskeli hizi hazikutengenezewa miili kama yako. Punguza kwanza, halafu uje uendeshe."

Mama mmoja aliyekuwa anajaribu helmeti akaziba mdomo. Namshukuru kwa kujaribu kuzuia kicheko.

Kwenye kununua mimi ni bosi, kwenye kulalamika nimekuwa mzee. Na hilo la "punguza kwanza" ndilo lililonikaa kooni hadi leo. Niliinunua ili nipungue! Imeandikwa kwenye karatasi yao, kwa mwandiko wa mtu wao! Kama gurudumu lile haliwezi kunibeba, mahali pa kusema ni pale nilipokuwa na pesa mkononi.

Nikachukua baiskeli yangu nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli za kubebea mizigo. Ukimwamkia anakuitika huku mikono iko kazini. Huyu hakuangalia tumbo langu hata mara moja. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akaanza kubana spoki mbili mbili kwa vidole, halafu akazipiga moja moja kwa ukucha, anasikiliza. "Sikia na wewe, kijana," akasema. (Nina miaka 46. Nimpende vipi zaidi?) Za upande mmoja zinatakiwa zilie karibu sawa. Zangu moja ilisema ting, jirani yake ikasema dup, kama zeze lililolegea.

Akanieleza huku anafungua. Spoki haikatiki kwa kulemewa mara moja, inakatika kwa kuchoka. Iliyolegea inalegea na kukaza kila gurudumu linapozunguka, inajipinda na kujipindua pale kwenye kiwiko chake, maelfu ya mara, mpaka siku moja basi. Ikikatika, majirani wanabeba mzigo wake, nao wanaanza kuhesabu siku. Ukibadilisha moja bila kukaza zote sawasawa umenunua wiki mbili tu. Hesabu yake ililingana na yangu kabisa.

Nikamuuliza kama ni uzito wangu. Sikutaka jibu la kunibembeleza, wala hakunibembeleza. "Uzito wako unaharakisha. Lakini siyo wewe uliyeanzisha." Lile gurudumu lilikuwa na spoki 24. Akanisukia jingine, kitovu kipya, rimu mpya, spoki 32, akaziondoa na zile tairi nyembamba, nikapata pana zaidi, za milimita 28. Tangu siku hiyo miezi imepita, sijasikia *ting*.

Sasa nipo kilo 97. Nisiwadanganye kwamba zilidondoka zenyewe. Mwezi wa kwanza sikupungua hata gramu, kwa sababu nikirudi nilikuwa nakula kama mtu aliyelima ekari. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kama kilokalori 7,700, na saa moja ya mwendo wangu inachoma labda 500 hivi. Piga hesabu uone ni saa ngapi, kisha uone sahani moja ya ziada inafuta nini. Muuzaji hatakupigia hesabu hiyo, bosi.

Haya, hukumu. Nilianza kuandika nikitaka kutoa nyota moja. Halafu nikakumbuka asubuhi za mapema, barabara tupu, ule mteremko ambao baiskeli inanyamaza kabisa unasikia upepo tu masikioni, nikaona tatu, hata nne. Ni baiskeli nzuri jamani. Fremu haijanisumbua, gia zinaingia bila kelele. Lakini baiskeli gani nzuri inakuja na gurudumu bovu? Gurudumu ni nusu ya baiskeli! Na nimelipia mara mbili! Mbili. Nimeandika mbili, sibadilishi. Duka sifuri.

Wiki iliyopita nimerudi pale. Nilihitaji tyubu yenye kile kivalvu chembamba, na kwingine kote nilikuta vile vinene tu. Yule fundi akatokea chumba cha nyuma anafuta mikono, akaniangalia juu mpaka chini vile vile, akatabasamu. "Mzee! Umepungua!"

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga miezi yote hiyo. Nikamwambia asante.

Moja. Nyota moja.