Chanjo ya homa ya ini zahanati ya chuo: sindano safi, ufuatiliaji sifuri

Wale mnaouliza kama hii chanjo ya homa ya ini B wanayotoa zahanati ya chuo ni ya kuaminika, mimi nimechoma na nasema nendeni. Bomba jipya linatolewa kwenye pakiti unaona, na ukiomba kuangalia tarehe kwenye kichupa unaonyeshwa bila kununiwa. Kupima elfu tano, dozi elfu kumi, na dozi ni tatu, kwahiyo kama bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, halijatoka inauma kidogo.

Ila kilichonikosha zaidi ni yule mama nesi wa mezani. Asubuhi foleni ilikuwa hamna, watu wamejaa kwenye vimbweta wanaangalia kwa mbali tu. Dada mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, hii haiharibu kizazi?" Watu wakacheka, mama hakucheka, akamwambia kaa hapa mwanangu, akamweleza kwamba humo ndani hamna kirusi hai, ni protini tu ya ganda la nje la kirusi, mwili unaitambua na kujitengenezea kinga. Halafu akamuuliza umezaliwa mwaka gani, akajibu 2004. Akamwambia basi huenda ulishachanjwa ukiwa mchanga maana watoto wa Tanzania wanapewa hii tangu 2002, mpigie mzazi akuangalizie kadi ya kliniki. Picha ya kadi ikatumwa WhatsApp palepale, dozi zote tatu zipo! Akaambiwa hela yako kaa nayo. Baada ya hapo ndo foleni ikaanza kujaa, kwasababu watu wameona mtu anarudishwa na hela yake, kumbe hawa hawako kwenye biashara.

Ndo maana sikubali wanaposema wanachuo tunapinga chanjo. Wengi hatujui tu, na tukiuliza tunaonekana wabishi. Rumeti wangu alikuwa anaamini homa ya ini B unaipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wakati ni damu, ngono, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Hata wanaosoma afya wapo wameingia wodini hawajamaliza dozi na wao ndo wanaweza kujichoma sindano yenye damu ya mgonjwa muda wowote. Na tukumbuke mwanzoni mwa 2021 viongozi wetu wenyewe walikuwa wanazitilia shaka chanjo za korona, kisha tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani, sasa kijana aliyekua katikati ya hayo akiuliza maswali mbona ana haki kabisa.

Sasa yanayoniudhi. Majibu ya kipimo yanatolewa dirishani, jina linaitwa na wa nyuma yako wote wanasikia. Hili ni baya sana, mtu akikutwa tayari ana kirusi, chanjo haimsaidii tena, anatakiwa akalishwe faraghani aelezwe taratibu aende hospitali kwa vipimo zaidi, sio kuambiwa mbele ya darasa lake. Namba za simu walichukua lakini meseji ya kukumbusha dozi ya pili baada ya mwezi haikuja, na nilipoenda mwenyewe chanjo zilikuwa zimeisha nikaambiwa pita wiki ijayo. Ya tatu ni miezi sita toka ile ya kwanza, imeangukia fildi (mafunzo kwa vitendo), nusu ya darasa tuko mikoani na hakuna aliyetuambia tunaweza kumalizia kituo kingine kinachotoa, ukiwa na kadi yako tu.

Nyota nne kwa yule mama, mbili kwa utaratibu. Kama umepitiliza tarehe usianze upya, unaendelea ulipoishia. Na beba keshi, siku nilizoenda lipa namba ilikuwa haifanyi kazi.