Tyubu nene au povu: uweke nini ndani ya tairi za pikipiki mpya ya porini?

Pikipiki nyingi za motokrosi hutoka dukani na tyubu nyembamba. Ukigonga jiwe upepo ukiwa kidogo, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Kwa bei, tyubu nene ya milimita 4 inashinda, tena ikipata pancha unabandika kiraka ukaendelea na safari. Ijaze psi 12 hadi 15. Ila ni nzito, na mwiba mrefu bado unaipenya.

Povu, yaani duara la sponji nzito linalojaza tairi badala ya tyubu, mfano Bib Mousse ya Michelin, halina upepo, kwa hiyo pancha haipo. Likiwa jipya hukaa kama tairi lenye psi 13 hivi. Adui yake ni joto. Mwendo kasi wa mfululizo, hasa kwenye lami, hulichemsha hadi likamomonyoka. Jeli ya kulainisha inayopakwa juu yake ikikauka, povu hujisaga lenyewe, hivyo lipake upya kila unapofungua tairi. Na hata likitunzwa husinyaa taratibu. Tairi likilegea, huna pa kuongeza upepo. Kulivalisha nako ni jasho: andaa tairiliva (vyuma vya kuvulia na kuvalishia tairi) tatu ndefu.

Vyovyote utakavyochagua, kibano cha rimu (rim lock, kinachobana tairi kwenye rimu) usikitoe. Bila hicho tairi huzunguka peke yake juu ya rimu, na kwenye tyubu hung'oa pini ya upepo.

Unapita lami kufika porini? Baki na tyubu. Unabeba pikipiki kwenye gari hadi mashindanoni, njia yenyewe mawe matupu? Povu linastahili gharama yake.