Skuta ya umeme kwa asiyeweza kutembea mbali: ipi inaimudu mitaa yetu

Ukienda kuangalia skuta ya umeme ya mzee au ya mtu mwenye ulemavu, beba futi ya kupimia. Chuchumaa nyuma yake, pima kutoka ardhini hadi sehemu ya tumbo iliyo chini kuliko zote. Mara nyingi ni pale mota ilipofungwa, au katikati kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukikuta sentimita 4 au 5, hicho ni chombo cha sakafu: supamaketi, korido za hospitali, uwanja wa ndege. Ukikuta 8 hadi 10, kitamudu lami yenye viraka. Kwa barabara ya kifusi, mizizi iliyojitokeza na vifuniko vya mitaro vilivyoinuka, ambavyo ndiyo hali ya mitaa mingi ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, tafuta 11 na kuendelea. Wauzaji hupenda kuanza na kasi na kilomita. Lakini skuta ikishakalia tuta, magurudumu yakabaki yanaelea, kasi yake haikusaidii kitu.

Tunazungumzia skuta ya kukalia: ina kiti chenye mgongo na mikono, usukani mbele, magurudumu matatu au manne. Si pikipiki ya umeme, wala si ile ya kusimama ya vijana. Na si kiti mwendo cha umeme, ingawa madukani huchanganywa. Skuta inamtaka mtu aweze kukaa wima bila kushikiliwa, apande na kushuka kwa msaada mdogo tu, na mikono ifike kwenye usukani bila kuinama. Asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake anahitaji kiti mwendo cha kuongozwa kwa kijiti. Skuta itamwangusha kwenye kona ya kwanza.

Aina ya kwanza sokoni ni ya kubebeka kwenye buti la gari. Go-Go ya Pride Mobility, kampuni ya Marekani, ndiyo mfano unaojulikana zaidi: hufunguka bila spana ikawa kiti, kikapu, pakiti ya betri, na fremu ya mbele na ya nyuma. Magurudumu yake ni madogo, ya mpira mgumu usiojazwa upepo. Ndani ya nyumba yenye vigae ni raha kuiendesha, inageuka mahali padogo. Nje kwenye mchanga ni adha. Tunaipendekeza kwa mtu mmoja tu: yule anayetoka nyumbani kwa gari, akashushwa penye sakafu nzuri, akarudi kwa gari. Zipo pia zinazokunjwa bila kufunguliwa, nyingi zikiwa na betri ya lithiamu. Hizo zinamfaa msafiri wa ndege, kwa kuwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu betri ya lithiamu inayochomolewa ya hadi wati-saa 300 (kipimo cha akiba ya umeme), ibebwe na abiria mwenyewe kwenye kabini. Soma namba hiyo kwenye betri yenyewe, na uliarifu shirika la ndege kabla ya siku ya safari.

Aina ya pili ni ya ukubwa wa kati, na kwa hali zetu hii ndiyo chaguo letu. Ya tatu ni ile kubwa yenye taa, indiketa, kioo na shokapu, ambayo peke yake inaweza kupita kilo 100. Kubwa hupita karibu kila mahali isipokuwa mlangoni. Pima mlango wa nyumba, pima lango, pima na mahali itakapolala usiku, maana betri zake hazitakiwi kunyeshewa wala kupigwa jua.

Kuhusu magurudumu matatu au manne, usidanganywe na sura. Matatu hugeuka kwa urahisi na kuacha nafasi ya kunyoosha miguu, kwa hiyo yanamfaa mwenye goti lisilokunjika. Lakini barabara iliyoinama upande mmoja, kama zilivyo nyingi kandokando ya mtaro, huyapindua haraka. Kwa matumizi ya nje chukua manne.

Tairi ni jambo la kupima kwa makini. Tairi gumu halipati pancha, ila kila kokoto hufika mgongoni mwa mpandaji, na kwenye mchanga huzama. Tairi la upepo hutulia zaidi. Angalia namba zake ubavuni: 3.00-4 na 4.10/3.50-4 ni saizi zinazotumika pia kwenye mikokoteni ya mkono ya maghalani, kwa hiyo tyubu haziwi shida kubwa kupatikana. Saizi ngeni itakuweka ndani wiki tatu ukisubiri mzigo. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, si kwa kubonyeza na kidole. Tairi legevu hula betri. Na hili mwambie fundi wa pancha kabla hajashika spana: rimu nyingi za skuta ni vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti. Lazima upepo wote utolewe kwanza. Akifungua bolti hizo tairi likiwa limejaa, rimu hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Jambo jingine ambalo vipeperushi havilitaji ni difu, yaani gia inayogawa nguvu ya mota kwa magurudumu mawili. Skuta nyingi za kati na kubwa zina mota moja inayosukuma magurudumu mawili ya nyuma kupitia difu, kama gari. Gurudumu moja likining'inia kwenye shimo, nguvu yote hukimbilia hilo linaloning'inia, la pili linakaa kimya. Ndiyo maana shokapu za nyuma si anasa huku kwetu: hulifanya kila gurudumu lifuate ardhi.

Sasa betri, ambako pesa nyingi hupotea. Karibu skuta zote hizi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Zidisha volti kwa ampea-saa upate akiba ya umeme: betri za ampea-saa 12 hutoa wati-saa 288, za 20 hutoa 480, za 36 hutoa 864. Kilomita zinazotangazwa hupimwa kwenye sakafu tambarare, betri mpya, mpandaji asiye mzito. Kwa kifusi na mchanga panga safari yako kwa nusu ya namba hiyo, kwenda na kurudi. Betri za risasi zilizofungwa hazipendi kuishiwa kabisa. Kila unapozishusha chini ya nusu unapunguza umri wake. Joto nalo huzimaliza: juu ya nyuzi 25, kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi hupunguza umri karibu nusu. Skuta iliyoachwa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani inakufa taratibu.

Kabla ya kununua, fungua kifuniko upime betri kwa futi. Ya ampea-saa 12 huwa takribani milimita 151 kwa 98 kwa 95, ya 20 ni 181 kwa 77 kwa 167. Ya saizi inayoitwa U1, inayotumiwa na skuta nyingi za kati kama Victory 10 ya Pride, ina urefu wa milimita 195 hivi na upana wa 130. Kisha pita kwa wauza betri wa mjini kwako uulize saizi hiyo. Kama hakuna, hiyo skuta si yako. Pakiti ya lithiamu yenye umbo la peke yake ni nyepesi na hudumu zaidi, lakini ikifa bila wakala karibu, umebaki na kiti cha mapambo.

Utashawishiwa kuweka betri za yupiesi za kompyuta, kwa sababu ya ampea-saa 12 huingia vilevile. Itaingia na itatembea, ila imetengenezwa kukaa imejaa ikisubiri umeme ukatike. Ukiishusha na kuijaza kila siku, itachoka baada ya miezi michache. Betri ya kuwashia gari haifai kabisa. Taka betri ya risasi iliyofungwa iliyoandikwa kuwa ni ya kutoa umeme polepole na kujazwa tena na tena. Nunua mbili kwa pamoja, aina moja, tarehe moja. Ukichanganya mpya na nzee, ile nzee huishiwa kwanza na kuendelea kukamuliwa, na ile mpya haichajiwi sawasawa. Wakati wa kufunga, piga picha ya waya kabla ya kuzichomoa: chanya na hasi zikigeuzwa, kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota, huungua papo hapo, na kontrola ndiyo spea inayouma mfukoni.

Chaja isomwe kabla ya plagi kuingia ukutani. Skuta za mtumba kutoka Uingereza huja na chaja ya volti 230 na plagi ya miguu mitatu kama yetu, basi hapo huna kazi. Zinazotoka Marekani na Kanada nyingine huja na chaja ya volti 120 tu, ambayo ukiichomeka huku huungua. Inayofaa imeandikwa 100-240V. Nguvu ya kuchaji ilingane na betri: ampea 2 kwa betri za ampea-saa 12, ampea 5 kwa za 36, ampea 8 kwa za 75. Kuchaji kuchukue usiku mzima, na isipotumika ichajiwe angalau mara moja kwa mwezi. Ikilala miezi, risasi hushika utando, volti hushuka sana, na chaja nyingi za kisasa hukataa hata kuanza.

Kwa mtumba wa Uingereza, taa na indiketa zina habari ndani yake. Sheria ya huko hugawa skuta za njia ya waendao kwa miguu, zisizozidi maili 4 kwa saa, na za barabarani zisizozidi maili 8, yaani kama kilomita 6.4 na 12.9. Za barabarani lazima ziwe na taa, indiketa, honi na swichi ya kushusha kasi. Swichi hiyo ikibanwa upande wa kasi ndogo, mnunuzi hudhani mota imechoka. Vivyo hivyo kitufe cha kuzungusha chenye picha ya sungura na kobe: kizungushe upande wa sungura kabla hujailaumu mota.

Skuta ikiwaka lakini ikatae kwenda huku ikilia, tazama kwanza kishikio cha kuachia gia, karibu na mota. Breki ya skuta ni ya sumaku: umeme ukiwepo huachia, ukikatika hubana, ndiyo maana hata betri ikifa mlimani hairudi nyuma. Kishikio hicho huiondoa breki yote ili skuta isukumwe kwa mkono. Kisiguswe kamwe mtu akiwa amekaa, wala kwenye mteremko.

Mteremko wa mlangoni nao una hesabu yake. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao au zege la urefu wa sentimita 180, uwiano wa moja kwa kumi na mbili. Mfupi zaidi ya hapo, tumbo litagonga au skuta itaelekea kuangukia nyuma.

Siku ya kujaribu aende mpandaji mwenyewe, pamoja na mzigo anaoubeba kawaida, na uzito wa vyote ujumlishwe kulinganisha na kikomo kilichoandikwa. Aliyepooza mkono wa kulia aulize kama kaba ya mwendo, yaani kishikio cha kuongeza kasi, inaweza kuhamishwa kushoto, nyingi hukubali. Betri zikiwa zimejaa na zimepumzika saa chache, mita ya kupimia volti isome kati ya volti 25.4 na 26. Iendeshwe dakika kumi kwenye kupanda. Mshale wa betri kwenye usukani ukianguka hadi kwenye nyekundu, kisha ukapanda tena skuta ikisimama, betri zimechoka. Toa bei ya betri mbili mpya kwenye bei anayoitaka muuzaji. Mota ikinguruma au kutoa harufu ya kuungua, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinaweza kuwa zimekwisha, na hizo fundi wa mota hubadilisha. Soketi zenye kutu ya kijani ni chumvi ya pwani. Zisafishwe, zipakwe vaselini kidogo. Tumbo lililo na matope makavu hadi juu ya mota, hiyo imeshaogelea mtaroni, iache hapo ilipo.