Gereji ya umeme Ngamiani: altaneta ya Mazda kwenye boti isiyo na kontroo boksi, na inachaji vizuri

Wadau wa Tanga, hasa nyie wenye boti pale Deep Sea na Sahare, kuna fundi wa umeme wa magari yuko Ngamiani nataka mumjue. Kibao hana, ila ukishaingia kwenye zile barabara za namba uliza fundi wa altaneta, ile dinamo ya injini inayochaji betri, vijana wa bodaboda watakupeleka hadi mlangoni. Kazi aliyotufanyia mafundi wengine waliishindwa na mmoja aliiharibu kabisa, kwa hiyo nasema kwa kirefu.

Boti yetu ni ya dagaa, ya familia, mashine ni dizeli ya silinda tatu ya zamani, pampu ya kimekanika, hakuna kompyuta wala sensa yoyote. Zamani tulikuwa tunabeba jenereta ndogo ya petroli kuwashia taa, makelele usiku kucha na petroli nayo bei mnaijua, tukaamua kuhamia taa za LED za volti 12 na betri mbili za N100. Taa zote pamoja ni wati 200, yani kama ampia 17 hivi, usiku wa giza ukiwasha masaa matano unakula kama ampia-saa 85 kwenye zile 200 za betri zote mbili, kwa hiyo lazima mashine irudishe huo moto wakati wa kwenda na kurudi. Altaneta ya zamani ya mashine ilikuwa ndogo na imechoka, mjomba akanunua nyingine kwa wauza vifaa vya mtumba, safi kabisa, ampia 80, imetoka kwenye Mazda. Ikafungwa, mkanda ukakazwa, mashine ikawashwa, mita ikasoma 12.4. Ukipandisha resi 12.4. Hakuna kitu.

Hapo ndo alipoitwa fundi wa kwanza, simtaji. Akafungua nyuma ya altaneta, zile kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani, moja akaipa waya wa hot (chanya) moja kwa moja kutoka betri, nyingine akaipeleka bodi (erthi), mashine ikawashwa na kweli ikachaji, kila mtu akafurahi. Usiku ule tukiwa nje, nahodha akipandisha mzunguko taa zinazidi kung'aa, mara taa mbili zikafa kwa pamoja, betri zikaanza kutoa harufu ya mayai viza. Mita ilipowekwa ilisoma 17 na pointi. Betri ya volti 12 ya maji ya asidi unatakiwa uichaji kwenye 13.8 mpaka 14.4 hivi, ukivuka 15 unaichemsha, na kwenye gesi inayotoka kuna haidrojeni, cheche moja tu ndani ya boti la mbao mjue mnarudi nchi kavu mnaogelea.

Sasa huyu wa Ngamiani. Tulipomfikishia hiyo altaneta hakushika hata spana, aliuliza kwanza: "Imetoka gari gani, na plagi yake ina pini ngapi?" Tukamwambia Mazda, pini mbili ndogo na ule mguu mkubwa wa B unaopeleka moto betri. Akacheka kidogo akasema, "Mzee wangu, hii haina akili yake mwenyewe, akili yake mmeiacha kwenye gari."

Akatueleza akiwa anaifungua, na mimi nikiwa nimechuchumaa pembeni naangalia kila kitu. Altaneta inatoa moto kulingana na umeme unaopita kwenye koili ya rota kupitia kaboni, ukiongeza huo umeme mdogo inatoa mwingi, ukipunguza inatoa kidogo. Kazi ya katauti, yani kidhibiti cha volti, ni kukata na kuachia huo umeme mdogo haraka haraka ili volti zisimame sehemu moja hata kama mashine inapanda na kushuka. Kwenye Toyota za zamani katauti iko humohumo ndani, pini zake tatu ni IG ya swichi, L ya taa ya dashibodi na S inayokwenda betri kupima, ukizipa hizo tatu inachaji popote hata kwenye mashine ya kusaga. Lakini Mazda nyingi za miaka ya 2000 kazi ya katauti waliihamishia kwenye kontroo boksi ya injini, yani kompyuta ya gari, altaneta imebaki na rota, stata, diodi na kisahani kidogo cha elektroniki kinachosubiri amri. Walifanya hivyo ili gari likiwa linavuta mlima kompyuta ipunguze kuchaji na likishuka iongeze, mafuta yabane. Kwenye gari ni jambo zuri sana. Kwenye boti letu hakuna wa kutoa amri.

Kuna za aina ya katikati, na hapa wengi wanababaika, akatuonyesha mbili zilizokuwa juu ya meza. Moja ya Honda, nyingine ya Mitsubishi. Hizo katauti ziko ndani ila kompyuta inaruhusiwa kuziambia zishuke, Honda kupitia pini ya C, Mitsubishi kupitia pini ya G. Ukiziacha hizo pini hewani bila kuunga kitu zinachaji kama kawaida kwenye 14 na pointi, ukizigusisha bodi zinashuka kwenye 12 na kitu. Kwa hiyo kwa sisi wa boti ni kuiacha tu hiyo pini, unafunga insuleshen tepu basi, sio kila waya unaouona lazima uungwe jamani.

Ya kwetu akaifanyia hivi. Alitoa kile kisahani cha elektroniki cha ndani, akalehemu waya mbili kwenye vishikio vya kaboni kwa risasi, akazipitisha nje kwenye mpira. Kaboni moja ikaenda kwenye hot ya swichi kupitia fyuzi, ya pili ikaenda kwenye katauti ya nje, ile ya boksi la aluminiamu, inayokata upande wa erthi. Alisisitiza hilo sana, kuna katauti za nje zinazokata upande wa hot na zinazokata upande wa erthi, ukichanganya ama haichaji kabisa ama inachaji bila breki kama ya yule fundi wa kwanza. Na bodi ya katauti ikafungiwa waya wake wa erthi mpaka kwenye ganda la altaneta, sio kuifunga kwenye mbao halafu unategemea miujiza.

Katauti yenyewe ina kiskrubu cha kurekebisha, akaiweka 14.1. Nikamuuliza kwanini sio 14.4 betri zijae haraka, akasema joto. Betri ikiwa ya moto inataka volti ndogo, kama volti 0.2 hivi pungufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kompyuta ya gari inalijua hilo na inapunguza yenyewe, katauti ya kufunga nje kama hii haijui, na chumba cha mashine ya boti yetu mchana ni tanuri. Hapo ndo nilipomkubali kabisa huyu mtu, kwasababu wengi wanakuwekea volti wanazozijua wao bila kufikiria chombo kinafanya kazi wapi.

Jambo jingine alilonifurahisha, hakuchomoa tenmino ya betri mashine ikiwaka. Mnajua ule mchezo wa mafundi wetu, wanachomoa betri ili waone kama mashine itaendelea au taa zitabaki, eti ndo kupima altaneta. Ukichomoa wakati inatoa ampia nyingi volti zinaruka mara moja hadi makumi, betri ndo ilikuwa inazimeza na sasa haipo, diodi zinakufa au katauti inakufa, na kwenye gari la kisasa unaweza kuua kontroo boksi yenyewe. Yeye alipima kwa mita tu. Mashine imezimwa 12.5, ikiwaka 14.1, akawasha taa zote 13.9, akapandisha resi mpaka mwisho, 14.1 haitikisiki. Akaweka mkono juu ya waya wa B baada ya muda kuona kama unapata moto, akaukataa ule tuliokuwa nao, akatuuzia mnene zaidi. Alisema waya mwembamba unakula volti njiani, altaneta inadhani imeshafika kumbe betri bado ina njaa.

Taa ya onyo tulitaka aweke ya LED maana balbu za uzi zinakatika kwa mtikisiko. Kwenye hii yetu akasema sawa, kwasababu rota inapewa moto wake na swichi. Ila kwa wenye altaneta za Toyota za pini tatu alinionya niwaambie, L iwe na balbu ya uzi ya wati 2 au 3, au rezista sambamba na hiyo LED. Zipo katauti ambazo moto wa kuiamsha rota mwanzoni unapitia kwenye hiyo taa, LED inapitisha kidogo mno, matokeo yake mashine inawaka na altaneta imelala mpaka upandishe resi sana.

Mapungufu yapo na nayasema. Kazi ilichukua muda kuliko alivyoahidi, anachukua vyombo vingi kwa wakati mmoja. Risiti hadi uombe. Ijumaa mchana msiende, anafunga kwa swala na anaweza asirudi hadi alasiri iishe. Na yeye ni fundi wa magari, mambo ya chumvi hayafikirii sana, sisi wenyewe ndo tulimwomba apake vanishi kwenye zile sehemu alizolehemu kwa risasi na apake grisi kwenye tenmino, alifanya bila kinyongo ila msipomwambia hatafanya.

Bei, ufundi na katauti pamoja elfu 70, waya mnene pembeni. Sio rahisi, lakini tayari tulikuwa tumeunguza taa mbili na betri moja imekonda. Na yeye mwenyewe alituambia wazi kabla hajaanza: kama mngekuwa hamjanunua, ningewaambia mkatafute ya Toyota ya pini tatu, kazi ingekuwa ya nusu saa. Fundi anayekuambia hivyo wakati angeweza kukaa kimya achukue hela, mimi namrudia.

Za Ulaya zile zinazoongea na kompyuta kwa waya mmoja wa LIN hazigusi. Nyingi zikikosa amri zinashikilia volti za kawaida zenyewe mradi mzunguko upande kidogo, ila zikizingua hana kifaa cha kuongea nazo, kuna jamaa alikuja na moja nikiwepo akamwambia aende akaibadilishe. Mkienda bebeni altaneta na plagi yake pamoja na kipande cha waya zake, msikate plagi mkaiacha kwenye gari, na mmuulize muuzaji imetoka kwenye gari la mwaka gani.